Siku Bajeti Iliposikika Vizuri

Mimi ni fundi sauti wa bunge. Kama umewahi kumsikia mheshimiwa akiahidi barabara, ahadi ilikuwa yake lakini usikivu ulikuwa wangu. Nakaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ukumbi, nyuma ya mtambo wenye vitufe vingi kuliko akili ya anayeuendesha, namfungulia maiki aliyeitwa na kumfungia aliyenyamazishwa. Ni kazi ya heshima. Hakuna mbunge anayejua jina langu, ila wote wanajua pa kutupia jicho kali maiki ikikoroma.

Nina ugonjwa mmoja usio na dawa: sivumilii sauti mbaya. Msibani wenzangu wanalia kwa uchungu, mimi nalia kwa sababu mtu ameyageuza masanduku ya sauti yakatazamana na maiki. (Siyaiti spika, nisije nikadhaniwa namtukana anayeongoza kikao.) Mtu akigonga maiki kwa kidole na kusema "moja, mbili, moja, mbili," kana kwamba tatu haijavumbuliwa, damu inanichemka. Mke wangu aliacha zamani kuongozana nami kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Anasema namwaibisha, maana kabla hajapata kiti mimi nimeshatambaa chini ya meza kutafuta waya.

Ugonjwa huohuo ndio ulionipa uongozi. Chama chetu cha wafanyakazi wa serikali kilifanya uchaguzi wa tawi, na maiki ya jukwaani ikawa inakatika katika maneno. Nikavumilia, nikashindwa, nikapanda jukwaani kuirekebisha. Mtu nyuma akapaza sauti, "Huyo! Huyo anafaa!" Makofi yakalipuka. Nilipoinua kichwa nilikuwa mwenyekiti. Nikajaribu kueleza kwamba nimepanda kwa ajili ya waya tu, lakini kwa kuwa maiki sasa ilikuwa inafanya kazi vizuri, watu walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kunipenda.

Mwaka huu hazina ya serikali ilikauka. Waziri wa Fedha si mtu mbaya. Ni mzee mpole mwenye kikohozi, na kila akija kujaribu maiki hunisalimia. Lakini fedha hazikuwepo, wakubwa hawakutaka kupunguziwa magari, basi macho yakashuka chini mpaka yakawafikia wasio na wa kuwasemea. Ndani ya bajeti kikawekwa kifungu: madobi, wapishi na wafagizi wote wa hospitali na shule za serikali nafasi zao zifutwe, kazi zao wapewe makampuni, na chama kisiruhusiwe hata kukaa mezani kulijadili jambo hilo.

Dada yangu mkubwa ni dobi wa hospitali. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado navuta kamasi. Dada akaacha shule, akaingia ufulio wa hospitali, mimi nikaendelea kusoma. Kila waya niliojifunza kuunga chuoni ulilipiwa na mashuka ya wagonjwa. Sasa alikuwa amebakiza kidogo tu afikie pensheni, na kwa kifungu kile angetoka mikono mitupu. Hiyo mikono yenyewe, kwa sabuni ya miaka yote ile, imebabuka mpaka haivai pete.

Katibu wa chama akaja kibandani kwangu. Ni mwanamke mfupi, sauti yake haihitaji mtambo, na sote tunamwita Msimamo.

"Mwenyekiti," akasema, "hotuba ya bajeti lazima isomwe ukumbini, isikike kwa kila mbunge, na irushwe redioni. Ndivyo kanuni zinavyosema. Isiposikika?"

"Spika anaahirisha kikao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wiki ijayo."

"Wiki inatutosha. Wako wabunge wa upande wa serikali yenyewe wameniahidi. Wakipata nafasi hiyo watakaa na waziri, kifungu kitatolewa. Wasipoipata wataogopa, watanyanyua mikono kama wenzao. Sasa kazi yako wewe ni ipi?"

"Kutofanya kazi."

"Umeona ilivyo rahisi?"

Nilikubali kifua mbele. Tangu nizaliwe sijawahi kupewa jukumu jepesi namna ile. Jioni nikampigia dada simu nikamwambia alale usingizi, maana ajira yake iko mikononi mwangu.

"Mikononi mwako?" akauliza.

"Yaani, mikono yangu haitagusa kitu."

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Usiguse."

Siku ya bajeti mafundi wote tulizima mtambo, tukafunga kibanda, tukajifunga vitambaa vyekundu mikononi, tukatoka kwa mwendo wa kishujaa kupita mbele ya waandishi wa habari. Tulikubaliana kukaa kantini ya wafanyakazi, tusikilize redio mpaka kikao kiahirishwe. Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda kunywa chai kama watu wengine. Lakini mwenyekiti mzima, nikanywe chai?

"Nendeni," nikamwambia Msimamo. "Mimi nabaki hapa mlangoni kuulinda mgomo."

"Kuulinda na nini?"

"Na wasaliti."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikabaki kwenye ujia, mgongo ukutani, sikio kwenye ufa wa mlango wa ukumbi.

Serikali nayo haikuwa imelala. Kwa mlango wa nyuma ilimwingiza fundi wa kukodi, mtu wa kupiga muziki kwenye maharusi, shati la maua, na masanduku yake mawili marefu kama makabati ya nguo. Nilimwona kwa ule ufa akiyapanga. Akaliweka la kwanza likaitazama meza ya waziri. Nikakunja uso. Akaliweka la pili, nalo likaitazama meza ya waziri. Maiki katikati, masanduku yameikodolea macho. Nilishika kitasa, nikakiachia. Nikajikumbusha kwamba jambo hili ni zuri. Jambo hili ndilo tunalolitaka.

Waziri akasimama, akakohoa, akafungua mkoba. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa ho—"

Wiiiiiiii!

Wabunge waliziba masikio. Mbunge mmoja mzee alichomoa kile kifaa chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni, akatabasamu kwa raha zake. Fundi wa harusi akazungusha kitufe. Waziri akaanza upya. Wiiiiii! Akazungusha kingine. Mluzi ukashuka, ukawa mngurumo, ukapanda tena. Kwenye ujia mimi nilikuwa nacheza ngoma peke yangu. Kila mluzi ulikuwa siku moja zaidi ya ajira ya dada.

Ila kila mluzi pia ulikuwa unanichoma kwenye mzizi wa jino. Wa kwanza nilicheka. Wa pili nilijiuma kucha. Uliofuata nilijikuta nanong'ona na mlango: "Geuza sanduku. Ndugu yangu, geuza sanduku tu." Nikajipiga kofi la shavu, nikanyamaza.

Hatimaye Spika akasimama. Ana kipaji cha kusema bila maiki, nikamsikia vizuri.

"Waheshimiwa, kwa hali hii sina budi kuahi—"

Moyo ulinipaa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Lakini yule bwana anapenda kuchekesha, hawezi kufunga kikao bila utani. Akasita, akatazama juu, kwenye kibanda changu kitupu.

"Ingawa niseme ukweli," akasema, "hata mafundi wetu wenyewe wakiwapo, mambo ni haya haya. Tofauti ni ndogo."

Wabunge wakaangua kicheko. Kicheko cha pande zote mbili, chama tawala na upinzani, siku pekee mwaka mzima walipokubaliana.

Tofauti ni ndogo! Mimi, ninayejua kuwa mheshimiwa wa jimbo la juu hupumua kwa pua na maiki yake lazima iinamishwe! Mimi niliyewaficha watu hao mikoromo, vikohozi, na mazungumzo ya pembeni ambayo yangevunja ndoa! Sikumbuki kufungua mlango. Askari wa mlangoni hawakunizuia, wamezoea kuniona nikiingia nimeinama. Nakumbuka nikilisukuma sanduku moja kwa nyonga, nikaligeuza, nikaligeuza la pili, nikavuta maiki karibu na kifua cha waziri, nikashusha kitufe kimoja kidogo tu. Na hapo, Mungu anisamehe, nikaigonga ile maiki kwa kidole.

"Moja," nikasema. "Mbili."

Sauti ilienea ukumbini laini na safi mpaka viti vya nyuma. Kisha wabunge wakaanza kugonga meza, na mimi, sitaficha, nikainamisha kichwa kidogo kupokea pongezi, kitambaa chekundu cha mgomo mkononi.

"Kumbe inawezekana!" akasema Spika, safari hii kwenye maiki, taifa zima likimsikia. "Tunamshukuru fundi huyu mzalendo aliyetanguliza nchi. Mheshimiwa Waziri, endelea."

Waziri akaendelea.

Hapo ndipo akili ziliponirudi, kwa kuchelewa kama kawaida yao. Nikatazama waya. Ulikuwa karibu na mguu wangu. Kuuchomoa ni sawa na kupangusa vumbi la kiatu. Nikaanza kuinama. Fundi wa harusi akanigusa bega.

"Kaka," akanong'ona, macho yamemtoka, "umefanyaje hapo? Hebu nielekeze."

Ndugu msomaji, ningeweza kukudanganya hapa. Ningeweza kusema askari walinishika. Hakuna aliyenishika. Nilijinyoosha, nikaanza kumwelekeza. Nilimweleza kwamba ukumbi una tabia zake, kwamba kabla hujagusa kitufe usikilize kwanza kuta. Alikuwa mwanafunzi msikivu, anaitikia kwa kichwa, na mimi nikanogewa. Nilikuwa nimefika kwenye habari ya dari za mbao niliposikia nyuma yangu waziri akisoma, taratibu, kila neno limekaa mahali pake: "nafasi za madobi, wapishi na wafagizi katika hospitali na shule za umma zinafutwa rasmi kuanzia mwisho wa mwezi huu." Hata kikohozi chake cha baada ya hapo kilitoka kizuri. Alasiri hiyohiyo mikono ikanyanyuliwa, kifungu kikapita.

Nilipotoka, Msimamo alikuwa amesimama kwenye ujia na kikombe cha chai kilichopoa.

"Tulikuwa tunashangilia kule kantini," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo. "Mara redio ikatulia. Wenzako wakaweka vikombe chini. Hakuna aliyeuliza ni nani."

"Sikukusudia, Katibu."

"Bora ungekusudia. Ningekuelewa."

Akanifungua kile kitambaa mkononi, akakitia mfukoni mwake, akaondoka. Sikujua mtu anaweza kuvuliwa uongozi kirahisi kuliko alivyouvaa.

Nilikwenda kwa dada kabla jua halijazama. Anakaa chumba na sebule nyuma ya hospitali, kamba za nguo zimekatiza uani. Nilimkuta bado hajavua koti la kazi. Akanipa kiti, akanimiminia chai, akakaa mbele yangu akailaza mikono magotini.

"Tulikuwa na redio ufulioni," akaanza. "Ile milio ilipoanza tulicheza, wewe! Tulipiga ndoo, tukavaa mashuka vichwani. Watu wazima. Halafu ikatulia. Wote wakanigeukia mimi."

"Dada—"

"Ngoja. Wananijua. Nimewachosha kwa kukusifia wewe: mdogo wangu fundi wa bunge, mdogo wangu hivi, mdogo wangu vile. Wakasema, ndiye huyo. Nikasema si yeye, mdogo wangu amegoma, yuko nje. Spika akamshukuru fundi. Nikasema huyo ni fundi wa kukodi. Yule mama mtu mzima wa kwenye pasi akaniambia, basi apa. Nikaapa. Nimekula kiapo kwa kaburi la mama kwamba si wewe. Sasa niambie."

Njiani nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri sana. Ulikuwa na askari, bunduki, na familia yangu kutishiwa. Nikautafuta kinywani nikaukosa.

"Ni mimi, dada."

Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga. "Kwa nini?" akauliza.

"Spika alisema tofauti ni ndogo."

"Tofauti ya nini na nini?"

"Ya mimi kuwapo na kutokuwapo."

Alinikodolea macho, na nilipojisikia nikilisema lile neno ndani ya chumba kile, mbele ya koti lile, nilitamani kiti kinimeze. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata pale nilipokamatwa chini ya meza ya mwalimu mkuu.

"Mimi nimefua mashuka maisha yangu yote," akasema dada. "Hajatokea mtu hata mmoja akanishika mkono akaniambia yametakata. Ningekuwa nasubiri kusifiwa, wewe usingesoma."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, hakunipa hata kitambaa. Nilipomaliza akasema, "Kesho asubuhi uje ufulioni. Kiapo nimekula kwa ajili yako. Utakuja kukitengua wewe mwenyewe, mbele yao."

Nikaenda. Ufulio ni chumba kirefu chenye joto, mashine zimepangwa kila upande zikinguruma na kutetemesha sakafu, mvuke unapanda, na kwenye kona ya mwisho ndiko wanakopigia pasi. Madobi walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wengine rika la dada, wengine wamama wenye watoto wadogo, na wote walikuwa wanakunja mashuka kana kwamba mwisho wa mwezi haupo. Dada akanisimamisha juu ya kreti. Akawaambia, "Huyu hapa mdogo wangu. Ana neno."

Maisha yangu yote nimekuwa nyuma ya maiki za watu. Sikuwahi kujua kwamba mtu akisimama bila maiki hajui hata mikono aiweke wapi. Nikakohoa. Nikasema mambo fulani kuhusu mazingira magumu ya kiufundi, na kuhusu jinsi ilivyo vigumu wakati mwingine kutenganisha wajibu wa kitaaluma na—

"Hatusikii!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Nikapandisha sauti kidogo. Nikarudi kwenye mazingira ya kiufundi.

"Sauti, baba! Huku hatusikii kitu!"

Nikamgeukia dada. Nilidhani angenionea huruma, aseme basi, inatosha, shuka. Akanyoosha mkono akazima mashine iliyokuwa karibu naye. Akaenda kwa inayofuata, akazima. Akapita safu nzima polepole, akarudi kwa safu ya pili, ngurumo zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia maji yakidondoka kwenye shuka lililoning'inia. Kila mtu alikuwa ameacha kazi. Nimesikiliza kumbi nyingi, na sijawahi kusikia chumba kilichotulia vile.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyetengeneza ile sauti ni mimi. Dada hakujua, aliapa kwa kuniamini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu waone kwamba najua kazi."

Hakuna aliyetukana. Mama wa pasi alinitazama kutoka kwenye kona yake, mkono mmoja kiunoni.

"Rudia," akasema. "Kuna wenzetu masikio yao yamekufa kwa hizi mashine."

Nikarudia. Nilirudia yote, neno kwa neno, nikitazama kila upande, na sauti yangu ilifika mpaka ukutani.

"Haya," akasema. "Sasa tumesikia."

Akainua pasi. Wengine wakarudi kwenye mashuka yao. Dada akaanza kuziwasha mashine, na aliyoanza nayo ni ile iliyokuwa karibu na mimi.